“This” ipi? Kisa cha aya moja ya Kiingereza iliyozuia fedha za mradi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shirika dogo linalochimba visima na kujenga matangi ya maji vijijini, Tanzania Bara. Jina la shirika, mkoa, mfadhili na wahusika nimeyaondoa, na kiasi cha fedha nimekibadilisha kidogo. Sentensi za Kiingereza nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa kuwa hizo ndizo kisa chenyewe.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea. Ninasafisha Kiingereza cha ripoti za mashirika, na msimu wa tasnifu ukifika nasafisha na tasnifu. Katika jambo hili niliitwa maji yakiwa yameshamwagika.

Mhusika mkuu ni afisa wa mradi, dada wa miaka thelathini na kitu, mhitimu wa chuo kikuu. Kiingereza chake ni kizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia “ripoti ilirudishwa” hufikiri mara moja nyakati zimechanganywa au maneno yameandikwa kwa makosa. Hapana. Programu ya kukagua sarufi kwenye kompyuta yake haikupigia mstari neno hata moja katika aya ninayotaka kuizungumzia.

Namna yake ya kufanya kazi ni ile ya maofisa wengi wa miradi. Kijijini anaandika kwa Kiswahili, kalamu na daftari, akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji au kwenye gari. Mwisho wa robo mwaka anafungua kompyuta usiku, daftari likiwa pembeni, anaandika ripoti kwa Kiingereza. Kichwani ana sauti ya mwalimu wake wa sekondari aliyewakataza kurudiarudia neno. Sauti hiyo itatusumbua mbele.

Mradi wenyewe ulikuwa na makubaliano yenye sahihi tatu: ya shirika, ya halmashauri na ya kamati ya maji ya kijiji. Mkandarasi alikuwa akijenga tangi na vituo vya kuchotea, na sehemu ya malipo yake ilitoka kwenye akaunti ya kamati, michango ya wanakijiji. Kifaa chochote kipya kilipaswa kuidhinishwa na mhandisi wa maji wa wilaya kabla ya kununuliwa.

Kilichotokea

Kamati ilichangisha shilingi milioni 1.8, ikaenda mjini, ikanunua pampu. Mhandisi hakuambiwa. Wiki ya sita pampu ikafa. Wanakijiji wakakasirika, kamati ikaacha kuchangisha na ikafunga akaunti. Mkandarasi akakaa bila sehemu ya malipo yake.

Daftari la afisa, ambalo baadaye alinionyesha, lilisema hivi:

“Kamati imekusanya 1.8m, ikanunua pampu bila kumshirikisha mhandisi wa wilaya. Pampu ikafa wiki ya sita. Kamati ikaacha kukusanya michango, ikafunga akaunti. Hayo yakachelewesha malipo ya pili ya mkandarasi. Ununuzi ule ulikuwa kinyume na makubaliano tuliyosaini wote. Inaonyesha wanakijiji bado hawajauona mradi kuwa ni wao.”

Ripoti ya Kiingereza ikatoka hivi:

“The water committee collected TZS 1.8 million from users and bought a new pump without consulting the district engineer. The pump failed in the sixth week. The committee stopped collecting fees and closed its account. This delayed the second payment to the contractor. This was against the agreement signed by all parties. This shows that the community does not yet see the project as its own.”

Meneja wa mradi aliisoma, akabadilisha neno moja ukurasa wa pili, akaituma.

Hilo neno moja nalo lina habari yake. Kwenye maelezo ya kikao, afisa alikuwa ameandika kuhusu mjumbe mmoja wa kamati: “This refused to sign the minutes.” Ni tafsiri ya “Huyu alikataa kusaini.” Kwa Kiswahili “huyu” anasimama mwenyewe kama kiima bila kumkosea mtu adabu. Kiingereza hakikubali “this” ibebe mtu namna hiyo, isipokuwa unapomtambulisha, “This is my brother.” Meneja aliliona kosa, akaweka “This one refused”, ambayo sarufi inaikubali lakini inamsema mzee wa watu kama ndoo kati ya ndoo. Tuliweka “The member” baadaye. Nataja jambo hili ili ionekane kwamba meneja hakuwa mvivu wa kusoma. “This” ya mtu aliiona. Zile tatu za ukurasa wa kwanza zilimpita, na nitaeleza kwa nini.

Siku ya tisa barua pepe ya mfadhili ikaja. Ilikuwa ya heshima na ilikuwa na swali moja: ripoti yenu inasema kuchelewesha malipo ya mkandarasi kulikuwa kinyume na makubaliano, ni nani katika shirika aliyeidhinisha ucheleweshaji huo? Hadi swali lijibiwe, awamu inayofuata ya fedha ingesubiri.

Rudi kwenye aya uisome kwa jicho la mtu aliyekaa ofisini Ulaya. “This delayed the second payment to the contractor. This was against the agreement.” Sentensi ya kwanza inazungumzia kuchelewa kwa malipo. Ya pili inaanza na “this”. Kitu kilicho karibu zaidi ni kuchelewa. Mfadhili hakusoma vibaya. Shirika lilikuwa limekiri kosa ambalo halikulitenda.

Uamuzi wa kwanza: kupiga marufuku

Meneja alipoelewa tatizo alichukua hatua ya haraka, na sababu yake inaeleweka. Alikuwa na mkandarasi anayempigia simu kila asubuhi. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: kuanzia leo hakuna sentensi itakayoanza na “this” peke yake, lazima ifuatwe na nomino. Ni kanuni inayofundishwa sana kwa waandishi wa Kiingereza cha kitaaluma, naye aliisikia kwenye semina.

Barua ya maelezo ikaandikwa usiku uleule kwa kufuata kanuni. Sehemu yake hii hapa:

“This situation delayed the payment. This issue was against the agreement. This matter shows that the community needs more training.”

Kanuni imetimizwa neno kwa neno na maana haikusogea hata hatua moja. “Situation”, “issue” na “matter” ni “hali hii”, “suala hili” na “jambo hili” za Kiswahili cha ofisini, vibakuli vitupu vinavyopokea chochote. Mfadhili akaandika tena: ni suala lipi hasa lililokuwa kinyume na makubaliano?

Kulikuwa na rasimu nyingine, ya kijana wa mawasiliano, ambayo haikutumwa. Yeye aliona njia ya kuikwepa “this” ni kuunganisha sentensi zote kwa “which”: kamati ikafunga akaunti, “which delayed the second payment, which was against the agreement”. Hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. “Which” inayorejelea kishazi kizima ina ugonjwa uleule, na hapa imeufunga kwenye sentensi moja, msomaji hana hata nukta ya kupumulia.

Baada ya barua ya pili ya mfadhili ndipo nikapigiwa simu.

Uamuzi wa pili: kurudi kwenye daftari

Nilianza vibaya. Nilikaa nao nusu saa nikiwaeleza kirejelewa ni nini, kiima ni nini, tofauti ya kioneshi (neno kama “hii” au “ile”) kinachosimama na nomino na kile kinachosimama peke yake. Vioneshi, au viashiria kama wanavyoviita wenzetu wa Kenya, afisa na wenzake walivisoma tangu shule ya msingi. Walinisikiliza kwa adabu. Afisa akaniuliza, “Sawa, mwalimu, lakini nikiwa naandika saa sita usiku nitajuaje kwamba hii imekaa vibaya?” Sikuwa na jibu. Kila mwandishi anajua “this” yake inamaanisha nini. Ndiyo maana ameiandika.

Nikamwomba daftari, na humo ndimo nilimopata jibu.

Tuliweka karatasi mbili mezani. Upande wa Kiswahili “this” ya kwanza ilikuwa “hayo”: mambo kadhaa yaliyofuatana, pampu kufa, michango kusimama, akaunti kufungwa. Ya pili ilikuwa “ununuzi ule”: nomino imetajwa, na kioneshi ni cha mbali, kinachomwambia msomaji arudi nyuma, aruke yaliyo karibu, aufikie ununuzi wa pampu juu kabisa ya aya. Ya tatu haikuwa kioneshi hata kidogo. Ilikuwa ni “i-” ya “inaonyesha”, kiambishi tu. Mambo matatu tofauti, yenye uzito tofauti na umbali tofauti, yote yamepita kwenye mlango mmoja na kutokea upande wa pili yakiwa “this, this, this”.

“Ununuzi ule uliupeleka wapi?” nikamuuliza.

“Neno ‘bought’ lilikuwa limeshatumika juu. Nikaogopa kurudia.”

Ndiyo ile sauti ya sekondari.

Basi tukakubaliana jaribio. Kila “this”, “that” au “these” inayosimama peke yake kama kiima, irudishe kwenye Kiswahili na ujiulize ngeli yake: hii, hili, hiki, huu, haya, huku? Kiswahili hakikuruhusu kusema “this” tupu. Lazima uchague, na ukichagua umekwisha kusema nomino yako ni ya kundi gani. Ukiona unasita kati ya “huu” na “haya”, mwenye tatizo ni wewe, Kiingereza usikisingizie: hujaamua unazungumzia nini.

“This” ya kwanza aliipa “haya” bila kusita. Ya pili “huu”. Ya tatu akanyamaza.

“Inaonyesha,” nikasema. “Nini kinaonyesha?”

“Yote.”

“Yote yanaonyesha kwamba wanakijiji hawauoni mradi kuwa ni wao?”

Akaanza kujibu, akasimama. Watu waliochangishana milioni 1.8 na kwenda mjini kununua pampu kwa fedha zao wenyewe, je, hao ndio wasiouona mradi kuwa ni wao? Kufunga akaunti, labda, kungeweza kuonyesha kukata tamaa. Lakini ununuzi unaonyesha kinyume chake: waliuona mradi ni wao kiasi cha kutoona haja ya kumuuliza mhandisi. Sentensi ya tatu ilikuwa imesomwa na meneja, imesomwa na mfadhili mara mbili, na hakuna aliyegundua kwamba hitimisho lake halisimami, kwa sababu “this” ilikuwa imefunika kinachodaiwa kuwa ushahidi.

Mimi pia sikuwa nimegundua. Niliisoma aya ile mara nne kabla ya kufika ofisini kwao.

Barua iliyotumwa

Aya mpya iliandikwa na afisa mwenyewe, mimi nikiwa pembeni:

“All this delayed the second payment to the contractor, part of which was to come from the committee’s account. The purchase of the pump, not the delay, was against the agreement, which requires the district engineer’s approval for any new equipment. We no longer conclude that the community does not see the project as its own. The purchase suggests the opposite: people paid for the pump themselves. What the committee lacks is a clear procedure for spending. This is a different problem, and a smaller one.”

Kwenye rasimu yangu ya awali ya sentensi ya pili nilikuwa nimeandika “This failure to consult was against the agreement.” Afisa aliikataa. “Mwalimu, hapo umeshawahukumu. Na tena ‘failed’ ilikuwa ya pampu.” Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Nomino unayoiweka baada ya “this” si lebo tu, ni hukumu. Kitendo kimoja unaweza kukiita “decision”, “purchase”, “refusal”, “failure” au “breach”, na kila jina linampeleka msomaji mahali pengine kabla hajafika kwenye kitenzi. Magazeti yetu yanalijua hili vizuri mno: “kitendo hicho” kinapoandikwa katika habari, msomaji ameshajua kwamba si kitendo cha kusifiwa. Tulichagua “purchase” kwa sababu ilieleza kilichofanyika bila kunyoosha kidole.

Kijana wa mawasiliano hakuridhika na mjadala wote. Alikuja na simu yake na maneno ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyoyatamka London tarehe 10 Novemba 1942, baada ya ushindi wa El Alamein huko Misri: “Now this is not the end. It is not even the beginning of the end. But it is, perhaps, the end of the beginning.” Akauliza, nomino iko wapi? Mbona hakuna mtu aliyemrudishia hotuba yake?

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, na ukutani karatasi ya meneja ilikuwa inamtazama. “This” ya Churchill iko peke yake na haina shida, kwa sababu kila aliyekuwa ukumbini alijua habari ni moja, ushindi ule. Hapakuwa na vitu vitatu vinavyogombania neno moja. Halafu kitenzi chake ni “is”, na baada ya “is” inakuja nomino yenyewe, “the end”. Jina ambalo hakulitanguliza analitoa papo hapo. Sentensi za “this is” na “this means” zimejaa katika Kiingereza kizuri kilichochapishwa, na anayezifuta zote anaandika kama mwanasheria anayelipwa kwa neno. Hatari inapanda pale kitenzi kinapokuwa cha kutenda: “this delayed”, “this caused”, “this led to”. Tendo linamdai mtendaji, na msomaji atamtafuta. Usipompa, atamchukua aliye karibu.

Matokeo

Mfadhili alijibu baada ya siku nne, akakubali maelezo, awamu ikatolewa. Kuanzia swali la kwanza hadi fedha kuingia zilipita wiki tano hivi. Mkandarasi alikuwa amewaondoa vibarua wake na ilichukua muda kuwarudisha. Wanakijiji nao walipewa mafunzo ya taratibu za manunuzi badala ya mafunzo ya “umiliki wa mradi” yaliyokuwa yamepangwa kwa msingi wa ile “this” ya tatu.

Kamati ilifungua tena akaunti. Hilo halikutokana na Kiingereza cha mtu yeyote. Mhandisi alikwenda kijijini akakaa nao.

Uchambuzi

Nilipokuwa nikirudi nyumbani siku ile nilijiuliza kwa nini mtu mwenye Kiingereza kizuri anaanguka hapa na si kwingine. Jibu langu ni kwamba kosa hili linatokana na ubora wa Kiswahili chake. Katika Kiswahili kiima hakipotei. Hata ukiondoa nomino, hata ukiondoa kioneshi, kitenzi kinabaki na kiambishi chake: i-, li-, u-, ya-, ki-. Mzungumzaji amezoea tangu utoto kwamba nomino ikitajwa mara moja itaendelea kufuatana na sentensi hadi nyingine ichukue nafasi. Anapohamia Kiingereza anakuta kitenzi kiko uchi, kinadai kiima mbele yake, naye anakipa “this”, akiamini kwamba “this” inafanya kazi ya kile kiambishi. Haifanyi. Imepoteza ngeli njiani, na masikio yake ndani bado yanaisikia.

Hata hivyo nisikisifu Kiswahili kupita kiasi, maana na sisi tuna mitego yetu. “Ununuzi”, “ucheleweshaji”, “ufungaji” na “uamuzi” zote zinachukua u-. Kama afisa angeandika daftarini “Huo ulikuwa kinyume na makubaliano”, Kiswahili nacho kingekuwa na utata uleule. Kilichomwokoa daftarini ni kutaja nomino na kutumia “ule”. Kwa hiyo jaribio la ngeli ni chujio lenye matundu: litakamata sehemu kubwa, lakini nomino mbili za ngeli moja zikikaa karibu, zitapita pamoja. Na kwa vijana wa mjini wanaosema “hii mambo”, “hii maneno” na “hii watu”, chujio halina kazi kabisa. Wao wameshafika kwenye “this” kwa miguu.

Jambo la pili ni umbali. Kiingereza kina hatua mbili, “this” na “that”. Sisi tuna tatu: hiki kilicho karibu, kile kilicho mbali, na hicho ambacho wewe na mimi tumeshakitaja. Hicho cha tatu, chenye -o mwishoni, ndicho tunachokitumia kurejelea maneno yaliyotangulia, na hakina mwenzake Kiingereza. Waandishi wengi waliozoea Kiswahili wanaifanya “hilo” kuwa “that”, na ripoti inajaa “That shows” na “That means” ambazo kwa msomaji wa Kiingereza zina kaubaridi fulani, kana kwamba mwandishi anajitenga na alichokisema sasa hivi. Jambo ulilolitaja punde na bado unalishughulikia, Kiingereza cha maandishi kwa kawaida kinaliita “this”. “That” inafaa unapolifunga na kuliacha.

Upande wa wingi mtego umegeuzwa. “Hayo yakachelewesha” ni wingi, na nimewahi kukuta kwa waandishi wengine “These delayed the payment”. Msomaji anaanza kuwatafuta “these” ni akina nani, anaishia kwenye michango au kwenye pampu. Kiingereza kinapochukua mfululizo wa matukio kinaufunga kama furushi moja na kuuita “this”, na ukitaka kuonyesha kwamba furushi ni kubwa unasema “all this”. Ndiyo maana katika aya mpya “All this” haikuhitaji nomino.

Sasa kwa nini meneja aliiona “this” ya mtu na asizione hizi tatu? Kwa sababu alikuwa anaijua habari. Alikuwa amefika kijijini, ameiona pampu, amegombana na mwenyekiti wa kamati. Aliposoma “This was against the agreement” akili yake ilijaza “ununuzi” kabla macho hayajafika kwenye nukta. Mhariri wa ndani ni msomaji mbaya wa vioneshi kwa sababu anavisoma akiwa amesimama pale vinapoelekeza. Shirika limebadilisha utaratibu: ripoti sasa inapitiwa na mhasibu, ambaye hajawahi kukanyaga kijiji hata kimoja cha mradi, na kazi yake ni kuweka alama kwenye kila “this” asiyoweza kuiwekea jina. Mara ya kwanza aliweka alama kumi na moja. Nne kati ya hizo zilikuwa hazina tatizo, na afisa alizitetea moja moja.

Kanuni ya ukutani naihesabu kuwa ilishindwa, ingawa haikuwa ya kipumbavu. Ilidai neno mahali ilipotakiwa kudai uamuzi. Mtu anaweza kuitimiza kwa “issue” na akalala usingizi. Ninachoogopa zaidi ni kwamba inamfundisha mwandishi kuliogopa neno “this”, na Kiingereza bila hilo neno kinakuwa kizito kama mzigo usio na kamba.

Kurudia neno, ambako afisa alikuogopa, ndiko kulikoiokoa aya. “Purchase” na “pump” zinatokea mara mbili kila moja katika sentensi chache na hakuna aliyelalamika. Mwalimu wa sekondari alikuwa anasahihisha insha za “Siku nisiyoisahau”. Ripoti ya fedha ni mnyama mwingine.

Sentensi ya mwisho ya ile aya, “This is a different problem, and a smaller one”, ilitaka kuniletea ugomvi. Meneja aliizungushia wino mwekundu kabla ya kutuma: “this” peke yake, mwanzoni mwa sentensi, kinyume na karatasi yake. Afisa akairudisha kwenye Kiswahili mbele yake: “hili”, tatizo, na neno “problem” lenyewe linakuja baada ya “is”. Meneja akaisoma tena kwa sauti. Akasema iachwe.